Wimbo Ukitangulia, Msafiri Afuate kwa Akili

Jumapili moja, watu walipokuwa wakitoka katika Misa Takatifu, baba mmoja wa mtaa wa Kasungami, pembezoni mwa mji wa Lubumbashi, alitusimamisha njiani. Uso wake ulikuwa wa mashaka. Mwanawe, mpiga gitaa katika kwaya, alikuwa amemwambia usiku wa jana yake: "Baba, nakuomba baraka yako. Nataka kwenda Ulaya pamoja na gitaa langu. Yupo mtu atakayenipeleka." Baba akamwuliza: "Mtu huyo ni nani? Nawe ukifika utalala wapi?" Kijana akanyamaza. Tangu usiku ule jamaa ile ilikula chakula chake bila maneno.

"Je," akatuuliza mzee huyo, "kupenda nyimbo ni sababu ya kutosha ya mtoto kuacha nyumba ya wazazi wake?"

Wasomaji wapendwa, swali hili si la nyumba moja. Vijana wetu husikia nyimbo za nchi za mbali usiku na mchana, na moyo wa kijana huenda haraka kuliko miguu yake. Yafaa basi tulijibu, wala si kwa maneno matupu, bali kwa habari za watu wa Katanga hii hii waliotutangulia katika njia hiyo.

Watoto wa Kamina

Mwaka 1953 Padre Guido Haazen, mtawa Mfransisko wa Ubelgiji, alifika Kamina kuongoza shule. Padre huyo alikuwa na masikio ya kusikiliza. Hakutaka watoto waimbe nyimbo za Kizungu peke yake, bali alipenda wazitumie sauti walizozisikia kwa mama zao na wazee wao. Akaunda kwaya iliyoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin, yaani Waimbaji wa Mfalme Baudouin. Walikuwamo watoto wapatao 45, wenye umri wa miaka 9 mpaka 14, pamoja na walimu 15.

Katika mwezi wa Machi 1958 kwaya hiyo iliimba pale Kamina Misa iliyojulikana baadaye duniani kote kwa jina la Missa Luba. Maneno yake yalikuwa ya Kilatini, kama desturi ya Kanisa katika siku zile, lakini sauti na ngoma zilikuwa za Waluba na za watu wa Kasai. Sanctus ilifuata namna ya wimbo wa kuagana, na Hosana ilichezwa kwa mwendo wa ngoma ya Kasai. Haikutungwa kwanza kwenye karatasi. Waimbaji wenyewe waliijenga pamoja kwa kuimba.

Mwaka ule ule walisafiri, wakaimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, tena wakafika katika Maonyesho Makubwa ya Dunia mjini Brussels. Twaomba msomaji aangalie mambo mawili. La kwanza, watoto wale hawakwenda Ulaya kutafuta wimbo, walikwenda wameubeba. La pili, hawakwenda peke yao. Walimu 15 kwa watoto 45, ndiyo kusema kila watoto watatu walikuwa na mkubwa wao.

Wala tusifiche upande wa uchungu. Katika Maonyesho yale yale, Wakongo wengine, waume kwa wake, waliwekwa katika kijiji cha mfano wafanye kazi zao za mikono mbele ya watazamaji. Baadhi ya watazamaji waliwadhihaki, hata wakawatupia ndizi kama watu watupiavyo wanyama. Wakongo wale walikataa aibu hiyo, wakarudi kwao kabla ya Maonyesho kumalizika. Basi mahali pamoja, mwaka mmoja, mtu mweusi alisikilizwa huku, akatazamwa kama kioja kule. Mzazi na asisahau jambo hili. Kufika Ulaya si heshima yenyewe. Yafaa kuuliza: anayekuita anataka kukusikiliza, au anataka kukuonyesha tu?

Mpiga gitaa wa Bunkeya

Mfano wa pili ni Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke, aliyezaliwa mwaka 1930, mwenyeji wa Bunkeya, mji wa mfalme M'siri wa zamani. Katika mwaka 1952 alikuwa akikaa Jadotville, mji uitwao sasa Likasi. Huko ndiko Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika kukusanya nyimbo, alipomsikia akipiga gitaa, akaunasa wimbo wake uitwao "Masanga". Bosco alitumia kidole gumba na kidole cha shahada tu, lakini msikilizaji aliyefumba macho angeweza kudhani wanapiga watu wawili.

Sahani za santuri zilitangulia, naye mwenyewe akafuata. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alifika Nairobi, na watu wa Kenya waliokuwa wakiusikia mkono wake katika redio sasa waliuona. Mwenziwe wa Katanga, Edouard Masengo, naye alishika njia hiyo hiyo ya Nairobi. Mwaka 1969 Bosco alipiga gitaa katika tamasha la Newport, Marekani, na mwaka 1982 alizuru nchi za Ulaya. Alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari.

Twajifunza nini kwake? Hakutoka Katanga akiwa mtu asiyejulikana anayebisha milango usiku. Aliitwa, kwa kuwa kazi yake ilikuwa imekwisha kusikika. Aliimba Kiswahili cha Katanga, wala hakukionea haya mbele ya wageni. Tena hakutegemea nyuzi za gitaa peke yake katika kuwalisha watoto wake. Alifanya na kazi nyingine. Mambo haya matatu ni afadhali kuliko ahadi mia za mtu wa barabarani.

Mgeni aliyekuja kwetu

Wengi hudhani kwamba njia ya nyimbo huenda Ulaya tu. Sivyo. Mwaka 1979 Mwingereza mmoja, John Low, mpiga gitaa, alifunga safari ya kuja Lubumbashi, wakati mkoa wetu ulipoitwa Shaba. Hakuja kwa ajili ya madini. Aliyapenda magitaa ya Katanga ya miaka ya 1950 na 1960, akataka kuwaona wenye mikono ile na kujifunza kwao. Habari za safari yake alizitoa katika kitabu kilichochapwa Vienna mwaka 1982.

Fikirini, enyi vijana. Mtu alivuka bahari ili akae karibu na mzee wa Katanga na kuvitazama vidole vyake, nanyi mnawapita wazee wa namna hiyo njiani bila kuwasalimu! Kabla ya kuota Paris na Brussels, nani kati yenu amekwenda Bunkeya au Kamina kuwauliza wakubwa nyimbo zao? Safari hiyo yahitaji nauli ndogo, na faida yake ni kubwa.

Kanisa nalo limetuonyesha kwamba hazina hii si ya kudharauliwa. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia, uliagiza kwamba katika nchi za misioni muziki wa wenyeji uheshimiwe na kupewa mahali pake katika ibada. Mwaka 1988 Roma ilikubali namna ya Misa kwa majimbo ya nchi yetu, na leo twaiona Jumapili kwa Jumapili. Walichoanza watoto wa Kamina hakikuwa mchezo.

Wazazi wafanye nini?

Kwanza, baba na mama wasiukemee upendo wa nyimbo kana kwamba ni dhambi. Ni kipaji cha Mungu, na kipaji kilichofukiwa hakizai. Pili, mtoto amalize masomo, ajue kusoma mkataba kabla ya kutia sahihi. Tatu, mwaliko uwe wa maandishi, wenye jina la chama au parokia inayoita, siku ya kwenda na siku ya kurudi, pamoja na mahali pa kulala. Na kabla ya kutoa hata faranga moja, wazazi wapeleke habari kwa watu wanaojulikana, wathibitishe. Nne, mtu akitaka kushika pasipoti ya mwanao "amtunzie", huyo si rafiki. Tano, asafiri pamoja na wenzake na mkubwa wao, kama watoto wa Kamina.

Tulipomweleza mzee wa Kasungami mambo haya, alitikisa kichwa taratibu, akaenda zake. Jioni alimwita kijana wake, akamwambia kwa upole: "Mwanangu, baraka yangu ipo. Lakini yule mtu wako mwalike kwanza. Aje ale ugali pamoja nasi, amwone mama yako, atwambie jina lake na nyumba yake." Kijana alipeleka mwaliko. Mama alipika siku ile, na siku nyingine tena. Mgeni hakutokea, wala simu yake haikujibu tena.

Kijana alilia, na wazazi wake hawakumcheka. Siku hizi baada ya kazi huenda na gitaa lake kwa mzee mmoja ajuaye nyimbo za zamani. Huenda siku moja akaitwa mbali na watu wema, kwa barua yenye jina na tarehe. Siku hiyo baba yake atamsindikiza mwenyewe mpaka kiwanja cha ndege, naye kijana akumbuke methali ya wazee: Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.