Funga Daftari Kwanza

Mwanafunzi wa uhasibu au uhandisi akichagua saikolojia kuwa somo lake la ziada, wenzake humtania kwamba sasa atawasoma mawazo. Naona faida ya kwanza iko karibu zaidi: somo hilo la pembeni linaweza kumfundisha namna ya kusoma masomo yale makubwa.

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, walichapisha jaribio ambalo kila mwenye lundo la madesa anafaa kulijua. Waliwapa wanafunzi kifungu kifupi cha habari za kisayansi. Kundi moja lilipewa vipindi vinne vya kukisoma, likakirudia kwa wastani wa mara 14. Kundi jingine lilipewa kipindi kimoja tu cha kusoma, likakipitia mara tatu na kidogo; vipindi vitatu vilivyobaki waliandika kila walichokumbuka, bila kukitazama.

Baada ya dakika 5 tu, waliorudia kusoma waliongoza: asilimia 83 dhidi ya 71. Anayebukua usiku wa kuamkia mtihani ana haki yake hapo, tusimnyime. Lakini wiki moja baadaye kibao kiligeuka. Wasomaji walikumbuka asilimia 40, waliojipima 61.

Kinachonishangaza zaidi si takwimu hizo. Walipoulizwa mapema wanadhani watakumbuka kiasi gani baada ya wiki, waliojiamini zaidi walikuwa wale waliosoma tu! Maneno yakirudiwa sana, macho huyazoea, na mazoea hayo mtu huyahesabu kuwa ni kujua. Ukurasa ukiwa wazi, kila kitu unakitambua. Mtihani hauulizi unatambua nini. Unakutaka utoe kichwani, karatasi ikiwa nyeupe.

Kulitafuta jambo akilini na kulipata hurahisisha kulifikia siku nyingine, na ugumu wenyewe wa kutafuta ni sehemu ya dawa. Ndiyo maana inafaa kuacha muda upite kabla ya kujipima tena, ingawa kusahau kuna kasi. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, alionyesha mwaka 1885 kwamba sehemu kubwa ya tulichojifunza hupotea ndani ya siku ya kwanza.

Watoto wa madrasa hawakuhitaji kusubiri wanasaikolojia. Mwanafunzi hufunga msahafu, husoma kwa ghaibu mbele ya ustadhi, na akiteleza husahihishwa papo hapo. Kusahihishwa huko kusidharauliwe: anayejipima halafu asirudi kitabuni kuhakiki anaweza kulikomaza kosa lake hadi siku ya mtihani. Wala kukumbuka hakuchukui nafasi ya kuelewa. Mhandisi anayejikumbusha kanuni na ajiulize pia inatumika wapi na kwa nini.

Vifaa vyenyewe vimo mikononi mwa wanafunzi tayari. Karibu kila kundi la WhatsApp la darasa lina mitihani ya miaka iliyopita. Tatizo ni kwamba husambazwa pamoja na majibu, na wengi huyapitia yote mawili kwa pamoja, wakitikisa kichwa kukubali kila jibu.