Ghorofa Kando ya Mwendokasi na Mpangaji wa Chumba Kimoja

Nyumba ya zamani ya Magomeni, Dar es Salaam, ina mlango katikati, korido ndefu, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na nyuma uani kuna choo, bafu na jiko. Chumba cha mbele mara nyingi kimetobolewa ukuta kikawa duka la sabuni, unga na vocha. Barazani mama anachoma chapati tangu alfajiri. Vyumba vilivyobaki vina wapangaji: familia hapa, pale vijana wawili wanaochangia kodi. Mtaalamu wa mipango miji akitaka kuona mtaa ambao makazi, biashara na kazi vinakaa pamoja, tena karibu na usafiri wa umma, hana haja ya kupanda ndege. Ashuke kituo cha Usalama au Mwembechai, aingie mtaa wa pili.

Tangu Mei 2016 kando ya mitaa hiyo yanapita mabasi yaendayo haraka, yaani mwendokasi. Awamu ya kwanza, takriban kilomita 21 kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, ilijengwa kwa fedha za umma, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa Benki ya Dunia. Shida ya kugombania basi vituoni inajulikana na inastahili makala yake. Leo nazungumzia ardhi. Dalali anayeuza nyumba Magomeni hahitaji maneno mengi: kutoka hapa mpaka mwendokasi ni dakika tano kwa mguu. Ukaribu huo umelipiwa na wananchi wote, wa Dar es Salaam na wa Kigoma, lakini faida yake anaipata mwenye kiwanja. Mpangaji anapata notisi ya kuhama. Simlaumu mwenye nyumba; bei ikifika mara kadhaa ya ile aliyoizoea, nani angekataa? Lawama yangu ni kwa kanuni zinazoacha mambo yajiendee.

Kwamba Barabara ya Morogoro inahitaji maghorofa, mimi sina ubishi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na wengi wao wanaishi kwenye maeneo yaliyojengwa bila kupimwa. Jiji limekua likifuata barabara zake nne kubwa, ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Nyerere na ya Kilwa, kisha likajaza mapengo katikati, na sasa limefika Chanika, Bunju na Kibamba. Kila kilomita ya kwenda nje inadai bomba la maji, nguzo ya umeme, shule na zahanati. Anayelala huko akifanya kazi Posta, katikati ya jiji, anaamka saa kumi usiku. Kuwaweka watu wengi zaidi karibu na vituo vya mabasi ni hesabu inayojumlika. Ninachouliza ni nani watakaowekwa.

Swali hilo ni la zamani katika jiji hili. Wajerumani, na baada yao Waingereza, waligawa Dar es Salaam katika kanda tatu za ujenzi. Ya kwanza ilikuwa ya nyumba za Kizungu ufukweni, ya pili ya maduka na nyumba za Wahindi, na ya tatu, Kariakoo na baadaye Ilala, ya Waafrika. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi makusudi kutenganisha Kariakoo na mji wa biashara. Sheria iliandikwa kwa lugha ya vifaa vya ujenzi na ubora wa nyumba, lakini kazi yake ilikuwa kupanga watu. Uhuru ulifuta ubaguzi huo, ila alama zake hazikufutika kwenye ramani. Mpaka leo tunazungumza ujazo kwa ukubwa wa kiwanja: vidogo huitwa ujazo wa juu, vikubwa kama vya Masaki ujazo wa chini. Kipimo hicho hakisemi ni watu wangapi watakaa, kwa kodi gani, wala umbali gani kutoka kituo cha basi.

Anayetaka kuona ghorofa zikiruhusiwa bila mambo mengine kupangwa aende Kariakoo. Tangu miaka ya 1990 nyumba za Kiswahili za huko, za aina ile ya Magomeni, zilibomolewa moja moja. Mwenye kiwanja aliingia ubia na mwekezaji, wakagawana: wewe chukua fremu za chini na sakafu mbili, mimi nachukua zilizobaki. Ghorofa nyingi zikasimama juu ya kiwanja kilekile cha nyumba ya vyumba sita, zikiegemeana bega kwa bega. Barabara hazikupanuka, mifereji ya maji machafu ikaelemewa, na sakafu nyingi za juu zikawa stoo za mizigo. Biashara ilinawiri kweli. Wafanyabiashara wa Lubumbashi, Lusaka na Bujumbura wanaijua Kariakoo kuliko wanavyoijua Dodoma. Lakini makazi hayakuongezeka kwa kadiri majengo yalivyoongezeka. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa likaporomoka asubuhi watu wakiwa madukani, na zaidi ya 20 walipoteza maisha. Waokoaji walichimba kwa siku kadhaa wakiwasikia waliofukiwa wakiita. Ukaguzi wa majengo ni sehemu ya mipango miji, na hautakiwi kusubiri maafa.

Jambo la pili la kujifunza lipo Ilala, kwenye jengo la Machinga Complex, lililojengwa kwa mkopo wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ili kuwaondoa wafanyabiashara wadogo barabarani. Vizimba vya juu vilikaa vitupu miaka mingi huku machinga wakirudi chini kwenye vumbi. Walikuwa na hoja. Mteja wa soksi na chaja za simu hapandi ngazi kuzitafuta. Anazinunua kwa sababu zimekaa njiani anapopita akienda kupanda basi. Kwa hiyo sakafu ya chini ya kila jengo jirani na kituo ndiyo inayoamua kama mtaa utaishi. Ikiwa geti, ukuta na maegesho, mtaa umekufa hata kama juu kuna ghorofa ishirini. Ikiwa fremu ndogo ndogo zinazotazama barabara, zenye kivuli na nafasi ya mama lishe kuweka benchi, usiku panakuwa na taa na macho ya watu, na binti anayeshuka basi la saa nne haogopi kutembea hadi nyumbani.

Mfumo wetu wa mabasi una babu yake: Curitiba, kusini mwa Brazil, ambako njia za mabasi pekee zilianza mwaka 1974 chini ya meya Jaime Lerner, msanifu majengo. Huko barabara na sheria ya ardhi zilipangwa pamoja tangu mwanzo. Maghorofa marefu yaliruhusiwa kwenye mistari ya mabasi, sakafu mbili za chini zikawekewa maduka na huduma, na kadiri unavyosogea mbali na mstari ndivyo kimo kinachoruhusiwa kinavyoshuka. Ukilitazama jiji hilo kutoka juu unaona mistari ya majengo marefu ikifuata mabasi. Sisi tulijenga njia kwanza. Mkakati wa kuendeleza ardhi kando yake ukaandaliwa baadaye, chini ya mradi wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam, DMDP. Hata hivyo Curitiba nayo ina kasoro kubwa: nyumba za kwenye mistari zilichukuliwa na wenye kipato cha kati na cha juu, na maskini wengi wakabaki pembezoni wakipanda basi la kulishia. Tukiiga kimo cha majengo peke yake, tutaiga na hilo.

Hapa kwetu upo mfano unaonipa moyo, ingawa ulikuja kwa machungu. Wakazi wa nyumba za Magomeni Kota, kaya 644, waliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2010 na nyumba zao zikabomolewa. Walisubiri takriban miaka kumi wakipanga huku na kule, na wengine walifariki kabla ya kurudi. Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua maghorofa mapya yaliyojengwa na Wakala wa Majengo, TBA, na kaya zilezile zikakabidhiwa funguo. Waliokaa chini sasa wanakaa juu, palepale, karibu na basi na soko. Inawezekana, basi. Lakini kaya hizo zilikuwa na majina kwenye orodha ya serikali. Mpangaji wa chumba kimoja Manzese au Tandale hana orodha yoyote inayomtaja. Mkataba wake ni wa mdomo na kodi ya miezi sita.

Yeye ndiye ningependa kanuni imwandike. Mwekezaji anayeomba kibali cha kuongeza sakafu ndani ya mita mia tano za kituo apewe, na badala yake atoe sehemu ya vyumba vya kupanga kwa kodi ambayo fundi cherehani anaweza kulipa: chumba kimoja, au chumba na sebule. Sakafu za ziada ni thamani inayotolewa na umma, na umma una haki ya kudai kitu. Maegesho ya magari yapunguzwe karibu na vituo, maana kila gari linachukua eneo la kutosha kitanda, meza na jiko. Na wenye nyumba majirani wasaidiwe kuunganisha viwanja vyao wajenge pamoja. Sheria ya mwaka 2008 inaruhusu umiliki wa sehemu ya jengo, kila mmoja na hati yake. Wanachokosa ni mtu wa kuwaandalia mchoro na benki ya kuwasikiliza kabla dalali hajafika.

Mabomba yatangulie ghorofa. Maji ya mvua yapewe njia yake pia: karakana ya mabasi ilijengwa Jangwani, kwenye bonde la Mto Msimbazi, na mafuriko yameifuata humo mara kwa mara.

Ugumu mwingine ni wa kiutawala. Barabara ya Morogoro kutoka Kimara hadi Kivukoni inapita Manispaa ya Ubungo, Manispaa ya Kinondoni na Jiji la Dar es Salaam, na chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007 kila moja ni mamlaka ya upangaji katika eneo lake. Mtu akikataliwa sakafu ya kumi Magomeni anaweza kuijaribu Manzese. Wakala wa mabasi unasimamia mabasi na vituo. Ardhi ya ng'ambo ya mtaro si yake. Halmashauri hizo zinahitaji kanuni moja kwa barabara nzima, na Temeke nayo, ambako awamu ya pili inaelekea Mbagala. Pale Mbagala bado kuna nyumba nyingi za chini, wenye nyumba wa asili na wapangaji wao. Mpango wa eneo ukiletwa kwenye mkutano wa mtaa, mwenye nyumba ataitwa. Mwenyekiti wa mtaa awaite na wapangaji, na mkutano ufanyike jioni, watu wakiwa wamerudi kutoka kazini.