Waokota Masazo wa Millet: Uhalisia Katika Turubai na Katika Nakala

Aghalabu mwanafunzi wa fasihi anapoandika tasnifu huitaja nadharia ya uhalisia kana kwamba ilizaliwa ndani ya riwaya. Ilhali istilahi hiyo ilivuma nchini Ufaransa kwa mchango mkubwa wa wachoraji. Mnamo mwaka wa 1855, Gustave Courbet alifungua jijini Paris maonyesho yake mwenyewe na kuyapa jina lilo hilo, Uhalisia. Miaka miwili baadaye Jean-François Millet alionyesha picha ya Waokota Masazo, nayo ndiyo itakayotushughulisha hapa.

Millet alizaliwa mwaka wa 1814 katika kijiji cha Gruchy, Normandy. Wazazi wake walikuwa wakulima, naye alilima pamoja nao ujanani. Aliyemchora aliyeinama alizijua fika kazi za kuinama.

Katika picha hiyo wamo wanawake watatu shambani baada ya mavuno. Wawili wameinama hata vidole vinagusa ardhi; wa tatu ameinama nusu, kama anayepumzisha kiuno. Wanaokota masuke yaliyosazwa na wavunaji, ada ya kale ya maskini ambayo msomaji wa Kitabu cha Ruthu anaifahamu. Nyuma yao, mbali kabisa, yapo marundo makubwa ya nafaka, mkokoteni uliosheheni na kundi la wavunaji. Upande wa kulia yupo mtu juu ya farasi: msimamizi. Utele umewekwa mbali na kufifizwa, uhitaji umeletwa mbele ya macho yetu. Hakuna anayelia wala kulalamika, na nyuso zenyewe hazionekani vyema. Hata hivyo, baadhi ya wahakiki wa wakati huo, ambao hawakuwa wamesahau mapinduzi ya 1848, waliona tishio katika migongo hiyo mitatu.

Kwa nini? Kwa maoni yangu, ni kwa sababu ya mpangilio. Wanaosema kwamba uhalisia ni kioo cha jamii husahau kwamba kuna aliyekishika kioo na kuamua kielekee wapi. Katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), Adam Shafi anamleta bwana karibu nasi, tukamsikia akifoka. Millet amemfanya msimamizi kuwa kidoa, na umbali huo ndio unaosema.

Hapa ndipo suala la nakala linapokuwa zito. Millet mwenyewe aliichora maudhui hii kwenye bamba la chuma na kuipiga chapa kabla ya kukamilisha turubai, kwa hiyo hatuwezi kudai kwamba nakala ni unajisi wa sanaa yake. Lakini turubai ina upana wa zaidi ya mita moja. Ukiipunguza iwe picha ya kalenda, mpanda farasi hutoweka, na wanawake wale hugeuka kuwa pambo la kusifu bidii ya shambani. Mnunuzi hupata picha nzuri isiyo na ugomvi.

Nakala, hata hivyo, zaweza kuzaa. Kati ya 1889 na 1890, akiwa katika hospitali ya Saint-Rémy, Vincent van Gogh alichora upya picha kadhaa za Millet za wakulima akitumia nakala zisizo na rangi. Rangi alizitia mwenyewe. Katika barua kwa nduguye Theo, aliieleza kazi hiyo kuwa ni kutafsiri kwa lugha nyingine, lugha ya rangi.