Mteja yuko Dar, nyumba iko Newala: rekodi kwenye simu ndiyo itakayokulipa

Hii ni yako wewe unayetangaza huduma mtandaoni: kufyeka, kupogolea miti, kupanda maua na ua, kurekebisha bati, kuosha matenki, kupaka rangi. Wateja wako wazuri mara nyingi hawaishi Masasi wala Newala. Wako Dar, wako Dodoma, wako Mtwara mjini. Wamejenga nyumbani, wana mikorosho, wengine wana fremu za kupangisha. Hela ya matunzo wanayo. Wanachokosa ni macho ya kuona.

Angalia mambo yanavyoenda. Mteja anatuma hela, fundi anaenda, picha tatu zinarudi WhatsApp, basi. Miezi sita baadaye mteja anauliza: "Hivi ile gata tuliibadilisha lini, na kwa shilingi ngapi?" Unaanza kupekua meseji. Picha imefutika, fundi kabadilisha laini, bei huikumbuki. Mteja anasema "sawa" halafu anakaa kimya. Ukimya huo ndo unaoua biashara. Hajakuita mwizi, ila kazi ijayo atampa shemeji yake.

Dawa yake ni orodha ya mali za mteja, ikae kwenye simu yako. Si lazima ununue programu ya bei mbaya. Google Sheets ni bure na inatosha kabisa kwa kuanzia.

KOROSHO IMESHATUONYESHA NJIA

Kusini jambo hili si geni. Mkulima akipeleka korosho chama cha msingi, mzigo unapimwa, unaandikwa, unaingia kwenye mfumo wa stakabadhi ghalani. Utaratibu huo tunao kwenye korosho tangu msimu wa 2007/2008. Bodi ya Korosho Tanzania nayo inaandikisha wakulima na mashamba yao, na pembejeo za ruzuku kama salfa zinagawiwa kwa kufuata taarifa hizo. Ambaye hayumo kwenye orodha anapata shida kudai mgao.

Somo ni rahisi: kilichoandikwa kinadaiwa, kisichoandikwa kinabishaniwa. Sasa lipeleke somo hilo kwenye nyumba na bustani.

1. ANDIKA KITU, USIANDIKE KAZI TU

Wengi wanaandika "Jumanne tumefyeka kwa mama fulani". Hiyo ni kumbukumbu ya siku, haikuambii hali ya mali. Anza na vitu vyenyewe, kila kitu na mstari wake: bati la nyumba kubwa, gata ya upande wa barabara, tenki la lita 5,000, karo la choo, uzio, ua wa mbele, mikorosho 12 ya nyuma ya nyumba.

Kila mstari ujaze haya:
- namba ya kitu (mfano T1 kwa tenki, G1 kwa gata)
- kilipo
- hali yake na picha ya leo
- mara ya mwisho kilishughulikiwa lini, na nani
- bei, pamoja na namba ya muamala wa M-Pesa au mtandao uliotumika
- tarehe ya kukirudia

Hiyo safu ya mwisho ndo inayoleta hela. Inakupa sababu ya kumpigia mteja kabla hajakukumbuka.

Kuhusu kilipo, tumia Anwani za Makazi. Tangu operesheni ya mwaka 2022 nyumba nyingi zina namba na mitaa ina majina, na kuna programu ya NaPA ya kutafutia anwani. Andika namba ya nyumba. Shamba ambalo halina namba, hifadhi lokesheni yake kwenye ramani ya simu. Fundi mgeni akitoka Masasi asikupigie mara saba kuuliza "nikifika kwenye mwembe nikate wapi?"

2. JUA NANI ANATANGULIA

Hapa ndo rekodi inapoonyesha faida yake. Kazi za nyumba zinategemeana, lakini mafundi hawaulizani. Kila mmoja anaangalia siku aliyopata nafasi.

Chukua nyumba ya Newala. Juu ya uwanda wa Makonde maji ni jambo zito. Hamna mto wa kukimbilia pale juu, maji ya bomba yanapandishwa kwa pampu kutoka bondeni Mitema, na miaka mingi watu wamekuwa wakivuna ya mvua. Tenki la nyumbani si pambo. Likichafuka, familia inanunua maji kwa madumu.

Sasa tuseme mteja ametoa oda nne: kupunguza matawi ya mkorosho yaliyolalia bati, kufagia bati, kuziba gata, kuosha tenki. Mwosha tenki akapata nafasi kwanza, akaosha vizuri, akalipwa. Wiki ijayo mpogoleaji anapanda mti, majani na takataka vinamwagika juu ya bati. Mvua ya kwanza inavisukuma vyote ndani ya tenki lililooshwa juzi. Kila fundi kafanya kazi yake sawasawa, na mteja kapata hasara. Lawama anabeba nani? Wewe uliyewaita.

Mpangilio ni huu: matawi, halafu bati, halafu gata, tenki mwisho. Ongeza safu moja kwenye orodha yako, iite "Isubiri". Kwenye T1 andika "isubiri G1". Kwenye G1 andika "isubiri bati". Usimpe fundi tarehe kabla ya kitu anachokisubiri kupata picha ya kumalizika.

Hata salfa iko hivyo hivyo. Kama mikorosho ya jirani na nyumba itapulizwa, bomba la gata litolewe kwenye tenki kabla ya mashine kuwashwa.

3. KALENDA YA KWETU

Tarehe za kurudi zifuate msimu wa kusini. Kwetu mvua ni msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba hadi Aprili hivi.

- Oktoba na Novemba: matawi ya juu ya bati, bati, gata, tenki. Usisubiri wingu.
- Desemba hadi Machi: kupanda miche, ua na nyasi za bustani wakati ardhi ina maji. Angalia mmomonyoko kwenye misingi, njia na mitaro. Mavuno ya korosho yakiisha, pogolea mikorosho.
- Aprili na Mei: kufyeka na kusafisha chini ya mikorosho, na kukata njia ya kuzuia moto kabla nyasi hazijakauka.
- Juni hadi Agosti: salfa dhidi ya ubwiriunga, rangi za nje, ukarabati wa kuta.

Oktoba kila mtu anawatafuta mafundi walewale. Ukiwa na rekodi, unawakamata Septemba kwa bei ya kawaida.

4. KILA FUNDI APEWE KIPANDE CHAKE

Usimtumie fundi orodha nzima. Mtumie mstari wake tu: namba ya kitu, lokesheni, kazi, bei mliyokubaliana, siku. Mwambie apige picha mbili, kabla na baada, akiwa amesimama palepale. Picha iliyopigwa upande mwingine haithibitishi kitu.

Kwenye WhatsApp Business tumia lebo: "anasubiri", "yupo kazini", "picha imefika", "amelipwa". Malipo ya mwisho yatoke baada ya picha ya pili. Hii inamlinda fundi pia. Siku mteja akilalamika kuwa gata inavuja, picha itaonyesha kama fundi alikosea, au kuna mtu alipanda juu baadaye kufunga dishi.

5. TUNZA SIRI YA MTEJA

Orodha yako inaonyesha nyumba ipi haina mtu, na ina nini ndani. Ikivuja, umemchorea mwizi ramani. Weka nywila, usiiweke kwenye grupu, na usiposti picha inayoonyesha namba ya nyumba ukitangaza kazi yako. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na inataka taarifa za watu zitunzwe kwa usalama.

ANZA NA MTEJA MMOJA

Chagua mteja mmoja anayekuamini. Nenda kwake na simu yenye chaji, piga picha vitu kumi, jaza mistari kumi. Mtumie na ujumbe mfupi: "Boss, hii ndiyo hali ya mali zako leo. Vitu vitatu vinahitaji kazi kabla ya mvua, nimevipanga kwa utaratibu na bei zake."

Usimwombe kazi siku hiyo. Muache aisome akiwa huko Dar. Pengine ni mara ya kwanza tangu ajenge kuiona nyumba yake yote kwa pamoja, na aliyemwonyesha ni wewe.