Boda ya watu wanne haisimami pale unapodhani

Kama umekulia Kakamega, huenda umewahi kurauka Jumamosi ukakimbia na wenzako hadi uwanja wa Khayega au Malinya kutazama mafahali wakipigana. Isukuti zinalia, watu wanapuliza filimbi na kupunga matawi, kisha mafahali wawili wanagonganisha vichwa. Na hapo mara nyingi hutokea jambo la ajabu kidogo: hakuna kinachosonga. Misuli imetuna, kwato zimezama matopeni, pumzi zinatoka kama moshi, lakini wanyama wako palepale.

Sasa jiulize, nguvu zote hizo zimeenda wapi?

Kama uko Kidato cha Tatu umeshakutana na jibu, ila pengine ulilikariri tu. Ni ile F = ma ya ubaoni, kanuni ya pili ya Isaac Newton, Mwingereza aliyechapisha kanuni zake za mwendo mwaka 1687. F ni kani, yaani msukumo au mvuto. Herufi m ni tungamo, wingi wa kitu chenyewe, unaopimwa kwa kilo. Na a ni mchapuko: mwendo unabadilika kwa kiasi gani kila sekunde. Kuongeza mwendo ni mchapuko. Kupunguza mwendo pia ni mchapuko, ila umeelekea nyuma.

Kinachowapiga chenga wanafunzi wengi ni hiyo F. Haimaanishi kila kani iliyopo. Ni ile inayobaki baada ya kani zote kupambana na kufutana. Tuseme kila fahali ana kilo 500, na kwato zake zinasukuma ardhi kwa kani ya newton 3,000. Mmoja anasukuma kuelekea mashariki, mwingine magharibi. Toa moja kwa nyingine: inabaki sifuri. Hakuna mchapuko, hata kama wote wawili wanatokwa na jasho.

Halafu mmoja anateleza. Kwato zake zinapoteza mshiko na msukumo wake unashuka hadi newton 2,500. Sasa kumebaki newton 500, na kani hiyo inasukuma mafahali wote wawili kwa pamoja, kilo 1,000. Gawanya: mchapuko ni nusu mita kwa sekunde, kila sekunde. Kinaonekana kiasi kidogo, lakini baada ya sekunde mbili tu wamesogea mita nzima, mashabiki wa upande mmoja wameanza kuimba, na aliyeteleza anatafuta njia ya kutorokea.

Jambo moja zaidi kabla hatujatoka uwanjani. Vichwa vya mafahali husukumana kwa kani sawa wakati wote, hata yule mmoja anaposhindwa. Hiyo ni kanuni ya tatu ya Newton. Kinachoamua mshindi ni miguu na udongo. Shika hilo, utalihitaji barabarani.

Tuje basi kwenye siku ya kufungua shule. Uko stejini na sanduku la bati, pamoja na mdogo wako na rafiki yenu mmoja. Nauli mliyopewa haitoshi boda mbili, au inatosha lakini mngependa ibaki ya mandazi. Mwenye boda anawaangalia na kusema, "Pandeni tu, ni hapo karibu." Mnapanda. Sheria ya trafiki nchini inamruhusu abiria mmoja tu, na nyote mnajua, naye anajua. Mimi pia nimewahi kupanda hivyo, sitajifanya malaika.

Tufanye hesabu kwa namba rahisi. Pikipiki ina kilo 120 na mwendeshaji kilo 80. Jumla 200. Akikanyaga na kubana breki kwa nguvu, tuseme anapata kani ya newton 1,000 ya kumzuia. Gawanya kwa 200: kila sekunde mwendo unapungua kwa mita 5 kwa sekunde. Akiwa kwenye kilomita 36 kwa saa, ambazo ni mita 10 kwa sekunde, atasimama kwa sekunde 2 baada ya kwenda mita 10.

Ongeza nyinyi watatu, kilo 60 kila mmoja, na sanduku la kilo 20. Pikipiki sasa ina kilo 400. Breki ni zilezile na mguu ni uleule. Newton 1,000 gawanya kwa 400 ni 2.5. Mtasimama baada ya sekunde 4, na mtakuwa mmekwenda mita 20.

Hizo ni mita baada ya breki kushika. Kabla ya hapo kuna muda wa jamaa kumwona ng'ombe, kushtuka na kupeleka mguu kwenye breki. Ukiwa sekunde moja tu, ongeza mita 10 nyingine. Na akiwa kwenye kilomita 72 kwa saa, mwendo umeongezeka maradufu lakini umbali wa kusimama unaongezeka mara nne: mita 20 za breki zinakuwa 80. Karibu urefu wa uwanja wa kandanda, mkiwa wanne juu ya magurudumu mawili.

Mwalimu wako wa fizikia anaweza kunikosoa hapa. Atasema mzigo ukiongezeka, tairi hukandamizwa zaidi barabarani, msuguano unaongezeka, kwa hiyo kani ya kuzuia nayo ingeweza kupanda. Ana haki. Tairi ingeweza, lami ikiwa kavu. Lakini breki zenyewe zina kikomo, hasa zile zilizolika, na mguu wa mwendeshaji haupati nguvu mpya kwa sababu ameongeza abiria. Tena mzigo wote umekaa nyuma, kwa hiyo gurudumu la mbele linakuwa jepesi. Breki ya mbele haishiki vizuri na usukani unaanza kucheza. Ukiona boda ikiyumba inapoondoka steji, sababu mojawapo ni hiyo.

Na kuhusu lami kuwa kavu, hapa ni Kakamega. Mvua yetu ya alasiri unaijua. Ukiacha lami na kuingia njia ya udongo iliyolowa, tairi inakuwa kama kwato za yule fahali aliyeteleza. Breki inabana gurudumu, gurudumu linakwama, lakini udongo haurudishi ile kani. Newton 1,000 zinaweza kuwa 500 au pungufu.

Mteremko nao unadai sehemu yake. Chukua njia yoyote inayoshuka mtoni, au kama ni safari ndefu, ile barabara inayoporomoka kutoka Kiboswa kuelekea Kisumu. Tuseme unashuka mita moja kwa kila mita 10 unazokwenda. Kwenye mteremko kama huo dunia inavuta kila kilo kuelekea chini kwa kani ya takriban newton moja. Kilo 400 zinavutwa kwa newton 400. Kati ya newton 1,000 za breki, zinabaki 600 tu za kukusimamisha. Gawanya kwa 400 upate 1.5. Umbali wa kusimama kutoka kilomita 36 kwa saa sasa ni mita 33. Mwendeshaji akiwa peke yake kwenye mteremko huohuo angesimama kwa mita 12 na nusu. Ndiyo maana jamaa anayezima injini na kuteremka bure ili kuokoa petroli ananitia hofu: injini iliyo kwenye gia nayo husaidia kuzuia, na hiyo kani ameitupa mwenyewe.

Upande wa Mumias kuna mfano mwingine, trekta na trela la miwa. Linaondoka polepole mno hadi watoto wanalikimbilia na kuchomoa miwa kwa nyuma. Upole huo unadanganya. Kani ya injini imegawanywa kwa tani nyingi, ndiyo maana mchapuko ni mdogo. Lakini tungamo lililolifanya ligome kuanza ndilo linalolifanya ligome kusimama. Mtoto akiteleza mbele ya gurudumu, dereva hata akiona na kukanyaga breki papo hapo, trela halitamsikiliza.

Nimeacha helmeti mwisho kwa makusudi, kwa sababu hapo kanuni ileile inafanya kazi kwa faida yako. Kichwa chako kina kilo 5 hivi. Tuseme umeanguka na kinaigonga lami kwa mwendo wa mita 5 kwa sekunde. Lami hailegei, kwa hiyo kinasimama ndani ya nusu sentimita. Ukikokotoa, mchapuko ni mita 2,500 kwa sekunde kila sekunde, na kani ni newton 12,500. Ni kama tani moja na robo kuwekwa juu ya fuvu kwa muda mfupi sana.

Vaa helmeti. Ndani yake kuna povu gumu jeupe, linalofanana na lile linalokinga televisheni kwenye katoni. Povu hilo hubonyea. Likikupa sentimita mbili na nusu za kusimama badala ya nusu, kani inashuka hadi newton 2,500, mara tano chini. Kichwa ni kilekile, mwendo ni uleule. Kilichobadilika ni sentimita mbili. Lakini hesabu hii inadai mkanda uwe umefungwa kidevuni, maana helmeti isiyofungwa huruka kabla kichwa hakijafika chini. Na ikishagonga vibaya mara moja, povu limekwisha kazi hata kama ganda la nje bado linang'aa.

Boda nyingi zina helmeti ya abiria, ila utaikuta imening'inia kwenye usukani, kwenye kioo, au imefungiwa nyuma kwa mpira. Iombe kabla hujapanda. Sanduku lije na boda ya pili, na kama ni lazima mmoja wenu atangulie, aanze mdogo.