Mulondo: Utumike, Utunzwe

Katika masoko ya Uganda, na katika magharibi mwa Kenya karibu na msitu wa Kakamega, huuzwa mafungu ya mizizi ya rangi ya hudhurungi. Waganda huiita mulondo, na Waluhya huiita mukombero. Mmea wake hukwea miti. Majani yake yana umbo la moyo na utomvu wake ni mweupe. Mzizi ukitafunwa hunukia kama vanila.

Tangu kale wazee wameutafuna ili kuamsha hamu ya chakula, kutuliza tumbo na kuongeza nguvu za kiume. Mama wa nyumbani huiosha mizizi vema, huikatakata, huianika, kisha huitwanga iwe unga. Unga kidogo hutiwa katika chai au maziwa ya moto.

Hata hivyo, sifa ya nguvu za kiume imejaribiwa zaidi kwa panya wa maabara kuliko kwa binadamu. Mume aliyepungukiwa na nguvu hizo asione haya kumwendea daktari, kwani huenda chanzo ni kisukari au shinikizo la damu, maradhi yasiyongoja mzizi.

Mmea nao uko hatarini. Mchimbaji ang'oaye shina zima huuua. Yafaa akate mizizi michache ya pembeni, kisha afukie shina udongo. Familia yenye kiwanja yaweza kuupanda chini ya mti wa kukwea, ili wajukuu nao wapate kuufahamu mulondo.