Je, Wajua? Azimio la Arusha na Kaptula la Marx

Januari 1967, Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala, ilikutana Arusha, mji ulio chini ya Mlima Meru, ikapitisha Azimio la Arusha, lililotangaza sera ya Ujamaa. Jengo la mkutano, lililoko Kaloleni, sasa ni makumbusho.

Mwaka 1978 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, aliandika *Kaptula la Marx*, tamthilia yenye sura ya ubwege inayokejeli sera hiyo: Rais Kapera anavaa kaptula kubwa ya Karl Marx inayompwaya, kama sera ya kuazima isiyomtosha, akiongoza mawaziri kuitafuta nchi ya Usawa. Ilichapishwa 1999.

Inastahili kurudi jukwaani Arusha kwenyewe. Badilisha mavazi, tumia lugha ya mtaani. Swali libaki lilelile: sera tunazoazima leo, za mikopo na masoko, zinatutosha?